Mwalimu Adelina, Nimemwona Luzia

Mwalimu Adelina,

Shikamoo. Ungekuwa hai ungeitikia bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, kisha ungeniuliza kama nimekula.

Nimemwona Luzia. Nalisema kwanza kwa sababu najua mengine yote yangekupita masikioni mpaka nilifikie hilo. Yu hai. Amekuwa mtu mzima na ana mtoto mgongoni. Yanayofuata si mazuri yote, nawe hukupenda mtu akupe habari nzito akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Nimekaa, Mwalimu. Nitakwambia yote.

Nipo kwenye baraza ya kanisa, misa imekwisha na watu wametawanyika. Darasa letu limehamia hapa. Lile godauni la ushirika tulilofundishia limepata mwenyewe. Ushirika wenyewe uliuona ukikata roho: kwanza pembejeo hazikuja, kisha karani hakuja, kisha kufuli likaota kutu, mwenyekiti akaturuhusu tulivunje tuweke madawati. Sasa mfanyabiashara kutoka mjini amelikodi, analijaza magunia ya dagaa wa usipa na marobota ya mitumba. Hakuwa mkali. Alisubiri tukaondoa vitu vyetu. Ubao wako tuliubeba mimi na Dominiki, na mvua ikinyesha kwa upepo unalowa, chaki haishiki.

Wanafunzi wamepungua. Mama Skola amehama na mumewe, wamerudi Msumbiji kwa wazee wa mume. Mzee Hashimu bado anakuja akifunga duka mapema. Dominiki yupo. Wamekuja wapya, wasichana waliomaliza darasa la saba wakakosa pa kwenda, na mama mmoja muuza dagaa ambaye hajawahi kushika penseli. Ninawafundisha, ila mara nyingi nawapotosha. Juzi nilibishana nao kutwa nzima juu ya neno moja, nikashinda kwa sababu ya cheo changu, na nilipofika nyumbani nikajua walikuwa sahihi wao. Kesho yake niliwaambia. Najua ungeniambia niwaambie.

Nimekuwa nikikumbuka jinsi ulivyolianza darasa hili, na jinsi ulivyokataa kulianza.

Mimi, Mmatengo wa Mkumbi niliyeshushwa ziwani na uhamisho, nilikuwa nafundisha shule ya msingi asubuhi, na jioni nimebebeshwa kisomo cha watu wazima. Kisomo kilikuwa kimebaki jina. Enzi zile balozi alipita nyumba kwa nyumba kuwatoa watu. Kisha kila kitu kikawa ruksa, na kutokuja nako kukawa ruksa. Chaki haikuletwa, posho haikuletwa, na waliokuwa wakisoma wakaenda kuuza sabuni na betri. Nilikuwa nakaa peke yangu na taa ya chemli nikisahihisha madaftari ya watoto.

Halafu vita vya Msumbiji vikaisha. Wakimbizi wakaanza kufungasha, wafanyabiashara wakaanza kuvuka na mizigo, na kule mpakani askari wakawa wanauliza kwa Kireno. Shemeji yake Mama Skola aliulizwa jambo, akatikisa kichwa kukataa, akidhani anaulizwa kama ana bunduki. Kumbe aliulizwa kama mzigo ni wake. Wakamweka ndani kwa wizi wa mzigo wake mwenyewe. Aliporudi amekonda, watu wakanijia: "Mwalimu, tufundishe Kireno."

Kireno sikukijua. Aliyekijua ni wewe, fundi cherehani wa kibarazani kwa Mzee Hashimu, mkimbizi uliyekuja katikati ya vita. Tulijua umesomeshwa na masista upande wa pili, na kwamba huna mume wala mtoto. Ndivyo ulivyotuambia, na hakuna aliyekuuliza mara ya pili.

Nilipokuja kukuomba ulisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Lugha ile ilinichapa," ulisema. Ukanionyesha mikono. Ukanieleza kwamba masista walikuwa na kibao cha mbao chenye matundu, na kila mtoto aliyeteleza akasema Kinyasa darasani alinyoosha viganja. "Nikiifundisha, nitakuwa nimekishika kile kibao." Nikaondoka nimeinamisha kichwa.

Baada ya muda ulikuja mwenyewe, jioni, ukasimama mlangoni mwa godauni na kanga yako ya rangi ya udongo. "Nitafundisha. Ila asichekwe mtu." Hilo tu ndilo sharti ulilotoa.

Somo la kwanza nililiona kama mazingaombwe. Watu walikuwa wamejikunja kwa hofu, ukawaambia wao tayari wanajua Kireno. Ukagonga meza: meza. Ukaonyesha bendera iliyochorwa kwenye ukuta wa ushirika: bendera. Ukataja karata, ukataja leso, ukataja mvinyo, na kila mmoja akawa anajiona tajiri wa kitu asichojua alikuwa nacho. Kisha ukasema na "gereza" tumelitoa kwao, ila kwao maana yake ni kanisa. Mama Skola akashika mdomo. Mzee Hashimu, ambaye mababu zake walitoka pwani, akauliza taratibu, "Ilikuwaje kanisa likageuka jela?" Ukamjibu, "Labda babu zako waliliona kwa ndani, Mzee." Alicheka mpaka akavua kofia.

Lakini baada ya siku ile ya kwanza ndipo kazi ilipoanza, maana hakuna wanafunzi wawili waliolingana. Mama Skola aliweza kusoma kila kitu kilichoandikwa, hata asichokielewa, kwa sauti ile ya kusoma waraka kanisani. Dominiki alikuwa amefanya kibarua kwenye mashamba ya Wareno ujanani, alijaa maneno ya Kireno mdomoni, yote amri na matusi, na hakujua hata herufi moja. Mzee Hashimu aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, na aliziona herufi zetu zinatembea kinyumenyume. Na mimi nilikaa dawati la nyuma, nikijidai msimamizi, nikiandika kila neno.

Nilitaka tuligawe darasa: wanaojua kusoma siku yao, wasiojua siku yao. Nilikuwa nimefundishwa hivyo chuoni. Tukabishana mpaka mvua ikatukuta. Ulisema, "Ukiwatenga, wale wa chini watajua wao ni wa chini. Wataacha kuja." Ukamkalisha Dominiki na Mama Skola dawati moja. Mmoja ana mdomo, ulisema, mwingine ana macho. Wakikaa pamoja wanatosha mtu mmoja. Dominiki akitamka, Mama Skola aliandika. Mama Skola akisoma, Dominiki alimsahihisha matamshi. Na yale matusi yake uliyageuza kuwa masomo. Neno alilotukanwa nalo na nyapara ulilichukua, ukalipangusa kama mtu anavyopangusa sufuria, ukamwonyesha kwamba ukilibadili mwisho linakuwa neno la kawaida ambalo mtu anaweza kumwambia mkewe. Nilimwona mtu mzima yule akiinamia dawati, na sikuwa na hakika anaandika au anafuta machozi.

Kila mtu ulimpa neno lake kwa kadiri yake. Somo la hospitali, somo la soko, somo la mpakani. Wale wa mwanzo walipata majina ya vitu. Wa kati walipata vitendo vya leo. Vitendo vya jana, vya mambo yaliyokwisha kupita, ulinipa mimi peke yangu. Ulisema vya jana ni vigumu, wengine wasubiri.

Na kuna jambo ambalo wakati ule nililiona la kawaida. Watu walianza kuvuka na kurudi, na kila aliyerudi ulimwuliza: "Ulifika mpaka wapi?" Akikutajia kijiji, uliuliza kama shule yake imesimama. Wao walidhani unawapima Kireno. Wewe hukuvuka hata mara moja. Mama Skola alipokwambia, "Twende wote, Mwalimu, ukaone kwenu," ulijibu kwamba una nguo za watu za kushona.

Masika yale homa ilikukuta ukiwa umechoka tayari. Ulifundisha siku mbili ukitetemeka, umejifunga sweta, ukasema ni baridi ya ziwa. Siku ya tatu hukuja. Mama Skola akakukuta kitandani huwezi kukaa. Zahanati ilikuwa haina dawa, na mganga wetu akasema tukupandishe hospitali ya Mbinga haraka, homa imeshaingia kichwani. Tulipata lori la samaki. Unaijua ile barabara ya kupanda mlima masika: lori lilipanda, likateleza, likapanda tena, kisha likakaa kwenye tope mpaka ekseli. Dereva alishuka akatazama, akasema halitoki mpaka jua liwake.

Basi tukakushusha. Tulikuwa na godoro lako na kitanda cha kamba, tukafunga miti miwili pembeni. Dominiki alishika mbele, mimi nyuma, na vijana wawili wa lori wakatusaidia. Mama Skola alikushikia mwavuli. Mzee Hashimu, ambaye kwa umri wake hakupaswa kubeba kitu, kila mmoja wetu alipochoka aliingia bila kuambiwa, akavua viatu na kupanda ule udongo mwekundu pekupeku. Zilisikika pumzi tu, na maji yakiteremka mtaroni.

Katikati ya mlima ulianza kusema. Ulisema Kireno. Hukujibu Kiswahili, hukujibu Kinyasa. Tulikuita jina na macho yako yakatupita. Ulisema maneno yale yale, ukanyamaza, ukayarudia, na mwishoni sauti ilipanda kama ya mtu anayemwita mwingine aliye mbali. Tukasimama.

Mama Skola alisema, "Menina. Amesema msichana mdogo. Na febre ni homa, ni somo la hospitali." Mzee Hashimu akasema, "Mwisho anasema vou já. Ndivyo ninavyowaambia wateja wangu wa kule: naja sasa hivi." Dominiki akasema, "Neno la mwanzo ni deixa. Nyapara akituambia tuache kazi alisema deixa. Ni acha." Nikasikiliza tena, sikio langu limekaribia mdomo wako. Hukusema deixa. Ulisema deixei. Ule mwisho wa jana, ulionipa mimi peke yangu.

Nikawaambia, "Si acha. Ni niliacha."

Basi pale kwenye tope tukayaunganisha, kila mtu na kipande chake, kama vile ulivyotuzoeza. Deixei a menina com febre. Vou já, vou já. Nilimwacha mtoto wa kike ana homa. Naja sasa hivi, naja sasa hivi.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Dominiki akasema, "Tubebe," tukabeba.

Hatukufika Mbinga. Tulipoanza kuyaona mashamba ya kahawa, pumzi yako ilibadilika, na mama mmoja tusiyemjua akatoka nyumbani kwake akatuita ndani, akatandika mkeka mpya, akaleta maji ya moto. Ulikufa hapo, mchana, ukiwa umezungukwa na wanafunzi wako walioloa. Mama Skola alikufumba macho. Mzee Hashimu alitoka nje akasimama mvuani ili sisi tusali kwa namna yetu, na nilipotoka nilimkuta anasali kwa namna yake.

Tulikurudisha ziwani. Nasikia aibu kukwambia mazishi yalikuwa makubwa, kwa sababu wewe usingependa, lakini yalikuwa makubwa. Padri alisema hukuacha mtoto wala ndugu, familia yako ni darasa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Sisi wanne tuliinamisha vyetu.

Baada ya arobaini tulikutana godaunini. Hakuna aliyefungua daftari. Dominiki ndiye aliyesema: "Yule mtoto kama yupo, anamngoja mtu." Tukakubaliana kwamba shule ikifungwa niende, na Dominiki anisindikize.

Tulikwenda kiangazi, kwa mtumbwi mpaka karibu na mpaka, kisha kwa miguu. Askari wa kule alikuwa kijana, ananyoa ndevu kwa kioo kidogo. Aliuliza tunakwenda wapi, kwa Kireno, bila kugeuka. Nikamjibu kwamba tunakwenda kuitembelea familia ya mwalimu wangu. Nililisema lote kwa ukamilifu. Akageuka akanitazama. Akauliza mwalimu huyo yuko wapi. Nikamjibu kwa kile kitendo cha jana: alikufa. Akatupisha. Hicho ndicho Kireno pekee tulichokihitaji safari nzima, Mwalimu. Baada ya hapo kila mtu alisema Kinyasa kama sisi.

Tuliulizia vijiji ulivyokuwa ukiwauliza wenzetu. Kwenye kijiji cha shule iliyoungua, ambayo sasa ina majani mpaka madirishani, mwanamke mmoja alisikia jina lako akatua ndoo chini. Ni dada yako mdogo, Rosa. Ana paji la uso kama lako. Alitukalisha, akatupa ugali wa muhogo na samaki, na tulipomaliza kunawa ndipo akauliza umekufaje. Nikamwambia. Kisha yeye akatuambia ya kwake.

Alisema asubuhi ile Luzia aliamka na homa, alikuwa ameanza kung'oka meno ya utotoni, nawe ulimwacha kwa bibi yake ukaenda shuleni kufundisha. Wenye bunduki waliingia kutoka upande wa kijijini. Ulikuwa na darasa zima la watoto wa watu mbele yako. Ukawatoa kwa dirisha la nyuma, ukawapitisha kwenye matete mpaka majini, mkaingia kwenye mitumbwi. Walikuona ukigeuka kutaka kurudi, na watoto wamekushika sketi, na moshi umekwisha kuanza. Mkavuka. Watoto wale wote walipona, wakakulia kambini. Mmoja wao ndiye sasa mwenyekiti wa kijiji kile, akatoka nyumbani kwake kuja kunishika mkono.

Bibi alimficha Luzia porini. Wakaishi na kukimbia, kukimbia na kuishi, mpaka bibi akafa. Habari zako zilifika mara moja tu, katikati ya vita, kwamba umezama ziwani na wale watoto. Wakakulilia. Ilipopatikana amani, kabla wale watoto hawajarudi, akaja mchuuzi akasema yuko mwalimu wa Kireno upande wa Tanganyika anaitwa Adelina. Rosa akasema ni jina tu. Luzia alikuwepo, akasikia. Rosa alinitazama akasema, "Amani imekuja, na yeye alikuwa pale ng'ambo. Kwa nini hakuja?"

Nilimwambia nadhani uliogopa kukuta kaburi. Sasa kwa kuwa naandika kwako wewe, naongeza: au uliogopa kumkuta yuko hai.

Luzia alikuwa nyuma ya nyumba, anatwanga mihogo, mtoto mgongoni analala kwa mapigo ya mchi. Ni mrefu kuliko wewe. Aliendelea kutwanga wakati nasema. Nilipofika mwisho akauliza, "Aliokoa watoto wa watu wangapi?" Nikasema darasa zima. Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyekuwa akilijua jibu na alitaka tu kulisikia likisemwa na mgeni.

Kisha akauliza, "Kule kwenu alifundisha nini?"

"Kireno."

"Watu wazima?"

"Watu wazima."

Akatua mchi. "Mimi sijui Kireno. Shule ilikuwa imeungua."

Mwalimu, sijawahi kusimama mbele ya mwanafunzi nikakosa pa kuweka mikono kama nilivyokosa pale. Nikamwambia kwamba ulipokuwa unakufa ulimtaja. Akataka kujua ulisema nini. Nikamwambia kwa Kinyasa. Akakataa. "Sema alivyosema yeye." Nikayasema kwa Kireno, maneno ya mama yake, kwa lafudhi yangu ya Kimatengo. Hakuyaelewa. Ikabidi nimfafanulie neno kwa neno, kama somo: hili ni niliacha, hili ni mtoto wa kike, hili ni homa, hili ni naja sasa hivi. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akayajaribu mwenyewe, akakosea, nikamsahihisha, akayajaribu tena. Dominiki alisimama kando amegeuka, anatazama ukuta. Luzia alipoweza kuyasema yote bila kukosea alimweka mtoto sawa mgongoni.

"Lakini hakuja," akasema. Akashika mchi.

Nilimwomba aje aone kaburi. Hakutaka. Wakati tunaaga ndipo alipotufuata njiani, hakutukaribia sana. Aliuliza msalabani kumeandikwa nini. Nikamwambia: Mwalimu Adelina. Akasema, "Andikeni Adelina, mama wa Luzia. Hilo la mwalimu likae chini." Nikasema kule hakuna anayejua kwamba alikuwa na mtoto. Akasema, "Ndiyo maana."

Nimekaa na neno hilo tangu kiangazi. Nililipeleka darasani na darasa likagawanyika. Mzee Hashimu alisema maiti husitiriwa. Ukishakwenda, aibu yako inakwenda na wewe, na walio hai wasikufukue. Watu watasema, alisema, yule mwalimu tuliyemheshimu kumbe alimtelekeza mwanawe, akatudanganya hata padri. Mama Skola, ambaye alikuwa tayari anafunga mizigo yake, alijibu kwamba marehemu amekwisha kupumzika, na aliye hai ndiye mwenye haki ya kudai. Dominiki hakusema upande wowote. Aliuliza tu, "Kama ingekuwa mimi ndiye mtoto?" Mimi niliahirisha. Nilisema tusubiri rangi, kisha tusubiri mvua ipite. Rangi ilipatikana. Mvua imepita.

Najua watasema. Mama muuza dagaa atauliza darasani, na nitamweleza yote: kwamba ulikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani na darasa la watoto wa watu mbele yako, na hukuwa na mikono ya kutosha. Anayetaka kukuhukumu baada ya hapo ahukumu. Nilidhani kukupenda ni kukufunika. Nimeona kule ng'ambo nani analala nje ya hilo shuka.

Ndiyo sababu ya barua hii. Sikutaka nikushike jina lako bila kukwambia.

Pumzika sasa, dada yangu. Nakuahidi mambo mawili tu, maana sina nguvu ya zaidi. La kwanza, kila kiangazi nitavuka nimpelekee Luzia salamu, na akitaka kufundishwa nitamfundisha, asipotaka nitakaa tu na Rosa nile muhogo wao nirudi. La pili, kesho asubuhi kabla ya kengele ya shule nitakwenda makaburini na kopo la rangi nyeupe. Nitaufuta ule ubao wa msalaba, nitaandika upya. Nitaanza na jina la Luzia, maana ubao ni mfupi, na sitaki liwe ndilo litakalokosa nafasi.

Mwalimu mwenzako,
Kosmas